Shule ya Waliochujwa

Mimi naitwa Gaudensia, nafundisha madarasa ya chini katika shule moja ya Mwamkulu ambayo watu wa Mpanda wanaiita Shule ya Bani. Jina lake rasmi liko kwenye kibao cha barabarani, lakini ukilitaja kwa bodaboda atakushangaa tu. Mwambie akupeleke kwa Madam Séverine, atakufikisha bila swali la pili. Ninachosimulia hapa ni habari za Madam huyo na za mwanamume mmoja anayeitwa Evarist, na niseme mapema kwamba Evarist simpendi. Anayetaka habari iliyopimwa kwenye mizani akaitafute kwingine.

Séverine alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi, wazazi wake wakilima mihogo na maharage. Alisomea hapahapa, ualimu akasomea hapahapa, na uraia wa Tanzania aliupata pamoja na baba na mama yake. Ni mwembamba, hacheki ovyo, na akimtazama mtoto mtundu hahitaji fimbo. Kosa lake moja maishani, ukiniuliza mimi, ni kumwamini Evarist.

Shule waliianza pamoja. Evarist alikuwa na kiwanja na maneno matamu, Séverine alikuwa na kazi. Tulifundishia kwenye ukumbi wa kanisa, na kila palipotokea msiba tulifunga masomo ili ukumbi utumike. Séverine ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi walete watoto, vumbi likimfika magotini. Siku zile hakuna aliyemwita Evarist Mkurugenzi. Alikuwa anakuja jioni, anauliza tunaendeleaje, anaondoka.

Usajili ulipopatikana na madarasa ya matofali kusimama, Evarist aliitisha mkutano wa wazazi. Sote tulijua anakwenda kumtangaza Séverine kuwa mwalimu mkuu, maana ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo. Alisimama na suti yake, akakohoa, akasema, "Wazazi wenzangu, sasa tunakwenda kisasa. Shule ya kisasa haiwezi kuongozwa na mkimbizi."

Neno hilo alilitamka huku anatabasamu. Wapo wazazi pale waliozaliwa Katumba vilevile, na wote waliinamisha vichwa. Séverine aliinuka, akajitwisha kichwani kiti alichokuwa amekalia, kwa sababu kilikuwa cha kwake na alikileta kutoka nyumbani, akapita katikati ya mkutano mpaka barabarani. Mimi nikamfuata. Sikuwa na mpango wowote, nilifuata hasira.

Njiani nikamuuliza atafanya nini.

"Nitamngoja," alisema. "Kayasema mbele za watu, na mbele za watu atakuja kuyameza."

Basi tukaanza kumngoja. Mkulima mmoja wa tumbaku, mzee Telesphor, alitupa bani lake la zamani lililo ng'ambo ya barabara kutoka shule ya Evarist, lile jengo refu lisilo na madirisha ambamo zamani alikuwa anakaushia majani ya tumbaku kwa moto wa kuni. Tulitoboa madirisha, tukasakafu chini, lakini harufu haikutoka. Watoto wetu walirudi nyumbani wananuka tumbaku, na wale wa shule ya Evarist wakipishana nao walikuwa wanawaita ugoro. Tulikaa miaka tukiitwa ugoro. Wadhibiti ubora wa shule walikuja, wakatikisa vichwa, wakaondoka, wakarudi tena, mpaka Séverine akajenga madarasa mawili mapya ubavuni na usajili wetu ukatoka.

Wanafunzi wetu wa kwanza alituletea Evarist mwenyewe, ingawa hakukusudia. Mkurugenzi huyu alikuwa mgonjwa wa wastani wa mitihani. Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yakitoka, alibandika picha za wanafunzi wake stendi ya mabasi, na chini yake wastani wa shule kwa maandishi makubwa kuliko jina la mkoa. Ili wastani usishuke alikuwa anachuja. Mtoto wa darasa la sita akionekana mzito, mzazi anaitwa ofisini, anakalishwa kwenye sofa, anapewa soda, halafu anaambiwa kwa upole amtafutie mtoto shule nyingine. Mzazi anatoka na soda yake haijaisha. Hao waliochujwa ndio waliokuja kwetu, wengine wakiwa wamekwisha kuamini kwamba wao ni wajinga.

Séverine hakukataa hata mmoja. Aliwafundisha kama mtu anayenoa panga. Nasema hivi kwa sababu nilimwona: hakuwafundisha kwa huruma, aliwafundisha kwa chuki, ila chuki yenyewe haikuwa kwao. Kila mmoja wao akifaulu, ilikuwa ni kofi moja upande wa pili wa barabara. Na walifaulu, si wote, lakini wengi kuliko alivyotegemea mtu yeyote.

Mahafali yetu ya kwanza, mzee Telesphor alipanda jukwaani kumvisha mjukuu wake shingoni taji la karatasi za kumetameta, akakamata maiki bila kuombwa. "Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Nimemleta hapa kwa sababu kule walisema kichwa chake kigumu kama gogo. Aliyempokea ni Madam Séverine. Asanteni." Watu walicheka, kisha mama mmoja akapiga kigelegele. Mzazi aliyefuata naye akasema ya kwake. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya shule: hakuna taji bila mzazi kusema mbele ya watu kwa nini mtoto alikuja kwetu na nani alimpokea, na anayesimama ni baba kama yupo. Shule nyingine wanaimba tenzi za kumsifu mgeni rasmi. Sisi tuna hiyo, na spika zetu tunazielekeza kwa Evarist.

Yeye akaanza kuumia. Kwenye mkutano wake wa wazazi mtu mmoja alimuuliza, je, anachuja watoto wa wenzake tu? Evarist akajipiga kifua: "Mimi sina upendeleo. Hata wa kwangu akishindwa, atatoka!" Wakampigia makofi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, maana binti yake Vestina wakati ule alikuwa darasa la tano, na kusoma kwake kulikuwa kama kutembea kwenye tope la masika. Mwaka uliofuata wazazi wote walikuwa wanamtazama.

Akamtoa. Mtoto wake wa kumzaa. Na hakumpeleka shule nyingine, kwa aibu, alimpeleka Ikola kwa shangazi yake, kule ziwani, eti apumzike kwanza. Kupumzika kwenyewe kulikuwa kuanika dagaa mchangani tangu asubuhi na kuwafukuza kunguru.

Mke wa Evarist, Dafrosa, ambaye sisi tunamwita mama Dafrosa, alivumilia kwa muda, kisha akapanda gari mpaka Ikola, akamchukua binti na kuja naye moja kwa moja mpaka kwetu. Walifika wananuka dagaa. Nilikuwa uwanjani, nikawatambua, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, sitaki kusema uongo. Malipo ni hapahapa duniani, nikajisemea, tena yamekuja kwa miguu yake.

"Madam," mama Dafrosa alianza, "najua baba Vestina alikukosea..."

"Oya," alisema Séverine. Ndivyo wanavyokataa kwao. "Ya baba yake usiyaseme wewe mama. Binti nampokea leo. Baba yake nitamwona siku ya mahafali."

Mama Dafrosa alielewa. Kila mtu Mwamkulu alikuwa anaijua desturi yetu.

Mimi ningemkalisha yule mtoto dawati la nyuma ajue ametokea wapi. Séverine alimkalisha mbele. Kila jioni wenzake wakiondoka alibaki naye, kidole cha Vestina kikipita chini ya maneno, silabi kwa silabi, na Madam hasemi lolote mpaka neno litoke. Siku moja nilimwambia anajichosha kwa damu ya adui. Akanijibu kwamba anataka siku ile ikifika, mtoto awe anasoma vizuri, ili Evarist asipate pa kujifichia. Nikaridhika na jibu hilo. Lakini niliwaona pia wakicheka pamoja, na kicheko cha Madam nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

Mahafali yakakaribia. Habari nilizieneza mimi, tena kwa kumwambia muuza vitumbua mmoja tu wa sokoni, na ikatosha. Siku yenyewe walikuja watu wasio na mtoto wala mjukuu shuleni. Bodaboda walipaki mpaka barabarani. Wazazi wa watoto waliochujwa miaka ya nyuma walikuja wamevaa kama wanakwenda harusini, wakakaa mistari ya mbele. Evarist alifika na mkewe. Nilisikia baadaye kwamba alitaka kusingizia safari, mama Dafrosa akamwambia, "Usipokwenda wewe, nitasema mimi, na mimi nitasema yote."

Majina yakaitwa, mmoja baada ya mwingine. Kisha Madam Séverine akaishika maiki kwa mikono miwili. "Vestina Evarist," alisema, "pamoja na mzazi wake."

Watu wa nyuma walisimama juu ya mabenchi ili waone. Evarist alipanda, taji mkononi, suti imepigwa pasi. Vestina akasimama pembeni yake na sketi yake ya shule. Mtu yule ana maneno, nilisema tangu mwanzo. Akatabasamu lile tabasamu lake.

"Mgeni rasmi, ndugu wazazi," alisema, "huyu ni binti yangu Vestina. Mimi kama mdau wa elimu, nilimleta hapa ili kuunga mkono juhudi za shule changa. Elimu haina mipaka. Ahsanteni sana."

Mgeni rasmi, ambaye hakujua lolote, akapiga makofi. Wachache wakamfuata. Mimi nilishika benchi nisirushe kiatu. Nilimtazama Séverine, nikaona mishipa ya shingo imemsimama. Miaka yote ile, na mtu anateleza kama kambale! Alifungua mdomo aseme kitu.

Vestina akawahi kunyoosha mkono, akaichukua maiki kutoka kwa baba yake, taratibu, kama mtoto anayepokea kikombe.

"Baba, siyo hivyo," alisema.

Evarist akacheka kidogo, akataka kuirudisha. Mtoto hakuiachia.

"Baba alisema nitamshushia wastani. Nikapelekwa Ikola kuanika dagaa. Mama ndiye aliyenileta hapa. Madam alinipokea siku hiyohiyo, na alikuwa anajua mimi ni mtoto wa nani." Maneno aliyatoa moja moja, kama alivyofundishwa. "Baba, wazazi wa wenzangu wote wamesema ukweli. Sema na wewe."

Akamrudishia maiki.

Evarist aliangalia watu. Pale mbele aliona nyuso za wote aliowapa soda. Aliangalia mkewe, mama Dafrosa akatazama ardhi. Mwisho akamwangalia Séverine, na nilijua anaomba nini: aseme neno lolote, amwite mtoto anayefuata, amtoe pale. Séverine alikunja mikono kifuani.

"Nilimtoa mimi," alisema Evarist.

"Hatusikii!" akapaza sauti mzee Telesphor.

"Nilimtoa mimi. Mtoto wangu. Niliona... niliona atanitia aibu." Akamgeukia Madam. "Aliyempokea ni Mwalimu Mkuu, Madam Séverine."

Vestina akainamisha kichwa mbele yake. "Haya, nivishe sasa, Baba."

Hakuweza. Taji lilikwama sikioni kwa mtoto, karatasi za kumetameta zikamwagika, na Vestina akalivuta mwenyewe na kuliweka sawa shingoni. Kisha akamshika baba yake mkono, akamshusha ngazi polepole, kama anavyoongozwa mtu aliyetoka kuugua. Alikuwa analia, ila hakuuachia ule mkono.

Nilikuwa nimeandaa vigelegele tangu mwaka uliopita. Nikageuka kumtazama Séverine ili tuvipige pamoja, nikamkuta machozi yanamtiririka, wala hayafichi. Nilikasirika. Nikamsogelea nikamuuliza analia nini, na siku yenyewe si ndiyo hii?

"Gaude," alisema kwa sauti ya chini, "nilitaka ayameze yeye. Umeona aliyeyabeba?"

"Kayasema! Mbele za watu kayasema!"

"Kasemeshwa na mtoto. Na mtoto nimempandisha pale mimi, nikijua." Alikuwa anamfuata Vestina kwa macho, kule chini, ambako binti alikuwa anamkalisha baba yake kwenye kiti na kumfuatia maji. "Nilimfundisha kusoma mwaka mzima, Gaude. Yeye alidhani nampenda."

"Si unampenda?"

Aliendelea kumtazama binti. Watu walikuwa wanatutazama, na mgeni rasmi alikuwa ameanza kuangalia saa. Nikamwambia ajifute machozi, Evarist asije akamwona. Akajifuta kwa kiganja, akakohoa, akashika maiki akaita mtoto aliyefuata, na jina lenyewe ikabidi alirudie ndipo likasikika.