Pembetatu ya Mtungi wa Manjano

Jirani yangu hapa Kitale anachoma plastiki, na harufu imenirudisha jikoni kwetu, Kabuchai.

Mama alikuwa mjamzito. Alipasha kisu motoni, akakata pembetatu kutoka kwa mtungi wa plastiki wa manjano uliopasuka. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha viraka vya blanketi la mtoto. Kazi yangu ilikuwa kukizungushia kipande cha sabuni juu ya kitambaa ili kuacha mstari, kisha nikate. Lakini nikaona uvivu kukitafuta kila mara, nikawa napimia kiraka nilichotoka kukata. Kila kimoja kikazidi kingine kidogo.

Mama aliposhona, pembe zilikataa kukutana. Katikati pakabaki tundu la ukubwa wa kiganja.

"Si nilikwambia ufuate plastiki?" akacheka. "Haya, tutaziba. Mtoto bado yuko mbali."

Mtoto alikuja mapema, akakaa nasi siku mbili. Shangazi alimfunga kwa blanketi lile kabla ya kumzika, na tundu likaangukia kifuani pake.

"Shangazi, baridi itamwingia," nikasema.



Pembetatu ile bado ninayo. Juzi nilikata nayo kiraka kimoja tu, kama cha kuziba tundu lile, kikatoka sawasawa.