Vidole Vyangu na Kompyuta ya Ofisi ya Kahawa

Nilikuwa mpiga taipu tangu ujana wangu, na kama kuna kitu nilijivunia ni vidole vyangu. Kwa hiyo ofisi yetu ya kahawa pale Karagwe ilipoletewa kompyuta, katikati ya miaka ya tisini, meneja hakusita kunikabidhi. Fundi aliyeiandikia programu ya kukokotoa uzito wa buni alikuwa na mkataba wa muda mfupi. Akiondoka, mimi ndiye ningebaki kuirekebisha.

Fundi huyo alizaliwa Songambele, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi. Alikuwa mtu mpole, lakini chombo alichotumia kuandikia programu zake hakikuwa na upole wowote. Kila kitu kilifanywa kwa kibodi. Ukikifungua, herufi bado si herufi, ni amri; mpaka ubonyeze i ndipo kinakubali uandike. Siku ya kwanza mimi nikachapa moja kwa moja neno "Jedwali". Mistari miwili ikaungana, neno la jirani likamegwa, na kwenye kioo ikatokea "li" peke yake.

"Nimeharibu nini?" nikauliza.

"J imeunganisha mistari, dw imefuta," alisema. "Usiogope, mama. Toka kwanza kwenye kuandika, halafu bonyeza u mpaka yote yarudi."

Akaniambia tutakwenda polepole, amri moja moja, na ya kwanza ni kushuka kwa j na kupanda kwa k. Vile vitufe vya mishale, ambavyo vingefanya kazi hiyo hiyo, akavibandika karatasi kwa gundi ili nisiviguse. Nilikasirika. Nyumbani Ihembe nilikuwa na mama mkwe aliyepooza upande mmoja, kibanja cha migomba kilichojaa magugu, na mume aliyefundisha shule Nyakasimbi, aliyekuwa akirudi Ijumaa tu.

"Fundi, mimi nina mgonjwa," nilimwambia. "Kichwa changu hakina nafasi ya mambo haya."

"Ndiyo maana nataka mikono ijue yenyewe," akajibu, "kichwa ukiache kwa mgonjwa."

Sikuona faraja yoyote katika maneno yale. Lakini jioni, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama mkwe nikisubiri ndizi ziive, nilijikuta vidole vinacheza juu ya goti. Yeye akaviona.

"Vidole vinakuuma?"

"Hapana, mama. Najifunza kazi ya ofisini."

"Bila kitabu?"

Nikamweleza: hiki kinashusha, hiki kinapandisha, hiki kinarudisha kilichofutwa. Akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima.

"Hicho cha kurudisha, kibonyeze kwenye mguu wangu."

Nikainuka kwenda kuepua chungu.

Msimu wa kahawa ulipofunguliwa, magunia yalipangwa hadi mlangoni na watu wakasimama dirishani wakidai risiti. Nilichoka hadi nikabandua zile karatasi, nikarudi kwenye mishale. Fundi aliona. Alileta gundi akabandika upya, na mimi nikamwacha abandike kwa sababu hata nguvu za kubishana sikuwa nazo.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu mdogo. Jenereta ikiwashwa asubuhi, kabla sijagusa barua za meneja, nilifungua nakala ya programu ambayo fundi aliniachia niichezee. Nilifuta mstari, nikaurudisha, nikahamisha aya, nikabadilisha neno. Kidogo tu, kisha nafunga. Siku nyingine nilifanya huku nasinzia. Sikuipenda, na sitasema uongo kwamba baadaye niliipenda. Ila siku moja niligundua nimeshuka ukurasa mzima, nimesahihisha neno, nimehifadhi, na muda wote huo nilikuwa nawaza kama jirani amemgeuza mama mkwe kitandani.

Fundi aliondoka msimu haujaisha; alipata kazi kwingine. Muda si mrefu yakaletwa magunia mapya, mepesi kuliko ya zamani, na kila risiti ikawa inatoka na uzito wa buni uliopungua. Wakulima wakaanza kulalamika. Meneja akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

Nilitafuta mahali palipoandikwa uzito wa gunia tupu, ambao programu huutoa kwenye kila pimo, nikapaona. Nikabonyeza cw, ile amri ya kubadilisha neno, nikaandika tarakimu mpya, nikatoka, nikahifadhi. Tulipima gunia la kwanza, hesabu ikakubali.

"Kumbe ni kitu kidogo hivyo," alisema meneja.

"Ndiyo, bwana," nikajibu. Nikamwomba ruhusa ya kuondoka mapema, akanipa.

Njiani baiskeli ikapata pancha, nikaikokota mlimani mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona jua bado liko juu? Wamekufukuza?"

"Hapana. Kuna kitu kiliharibika, nimekitengeneza mwenyewe."

Akasogeza mkono wake mzima, akanionyesha mkeka uliokuwa sakafuni kando yake.

"Basi lala kidogo. Ndizi zitasubiri."

Nikalala pale pale na viatu vyangu miguuni.