Laini kumi za kupokea, za kupiga hakuna

Leo nimeaibishwa na mtambo wangu mwenyewe. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Nimepanga mtandao wa kituo cha simu hapa Voi, cha wakulima kuripoti ndovu shambani. Laini kumi, zote za kupokea.

Asubuhi tukawasha. Kimya.

Nikajisifu: "Mnaona? Hakuna foleni."

Wakesho, mpokeaji simu wetu kutoka Kasigau, akaangalia skrini.

"Kaka, hawa wote waliokata kabla simu haijaita ni nani?"

"Wamekosea namba."

"Wameflash. Kwetu unaflash, unangoja upigiwe."

Wapigiwe kwa laini gani sasa?

Wakesho akatoa simu yake, akampigia wa kwanza. Shangazi yake mwenyewe. Akasikiliza, akanigeukia.

"Anasema tusiharakishe. Mahindi yameisha."