Woga wa Maktabani

Mwanaheri alizaliwa Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji, kwa wakata mikoko, miti ya serikali, na tangu utotoni alijua kuiogopa mali ya serikali. Alipopata kazi katika maktaba ya chuo cha ualimu, Kibiti, alivishika vitabu kama mtu ashikaye mayai. Kazi yake ilikuwa kupanga kadi za vitabu kwenye saraka za mbao, na kazi hiyo aliimudu.

Ilikuwa miaka ile ya mashirika ya umma kuuzwa na watu kupunguzwa makazini. Mumewe, Gharibu, alikwisha kupunguzwa kiwandani Dar es Salaam, akaishia kuuza korosho barabarani Bungu. Nyumba nzima ikawa inamtegemea Mwanaheri. Kila tarishi wa mkuu wa chuo alipokatiza uwanjani, aliacha kadi akamtazama mpaka aone anaingia mlango gani.

Katika hofu hiyo ndipo wafadhili walipoleta kompyuta. Badru, kijana wa pale pale maktabani, alipelekwa Dar kuisomea, akirudi awafundishe wenzake. Hakuwafundisha. Alikaa akaziba kioo kwa mgongo, na mtu akisogea, aliizima. Siku moja, jenereta ya chuo ilipozimwa na chumba kikawa kimya, Mwanaheri alimwuliza kwa upole anaficha nini. Badru aliutazama mlango kwanza.

"Dada Mwanaheri, ukijua wewe nijuayo mimi, mimi nitabaki wa nini hapa?"

Mwanaheri alirudi kwenye meza yake. Yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza hivyo hivyo juu ya kadi zake.

Mitihani ilipokaribia, Badru akapata kazi kwa tajiri mmoja mjini Dar, akaondoka bila kuaga. Ujuzi wa chuo ukapanda basi pamoja naye. Vitabu vipya vilikuwa vimeingizwa kwenye kompyuta peke yake, na wanachuo walipoviulizia, hakuna aliyejua viliko. Mzee Saadi, mkutubi mkuu, akamwambia Mwanaheri aiwashe. Akaiwasha. Kioo kikamwuliza jambo asilolielewa, akabonyeza, na maandishi yote yakatoweka. Akilini alimwona Gharibu, akawaona wanawe, akaiona mashua ya kumrudisha Kiongoroni.

Alitaka kuisingizia jenereta, lakini mzee alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nimeifuta, mzee."

Mzee Saadi akavuta kiti, akakaa. "Hata mimi siijui, binti yangu. Nimeona haya kuuliza."

Hapo Mwanaheri aliogopa zaidi. Kama mkubwa naye hajui, nani angewashika wote wasianguke?

Walishauriana, na Mwanaheri akatumwa mjini kumtafuta Badru. Alimkuta kwenye geti la kazini kwake. Badru aliinamisha macho, akamwambia kwamba hakuna kilichofutika, akamweka chini na kumwelekeza mpaka jua likapoa. Mwanaheri aliporudi, kweli majina ya vitabu yakatokea. Tangu siku ile Mzee Saadi akaweka sharti: mtu akijifunza jambo, asilale nalo mpaka mwenzake alifanye mbele ya macho yake, na akikosea, aseme kosa lake hadharani. Wakawa wanaizunguka kompyuta wote, mhudumu wa mlangoni naye akiwemo, huku wamebana pumzi.

Kisha akaajiriwa Zuhra, msichana mwepesi wa vidole. Siku yake ya pili alisogea nyuma ya Mwanaheri atazame. Mwanaheri akajikuta amegeuza kiti na kuziba kioo. Zuhra akaomba radhi, akarudi nyuma. Kisha Mwanaheri akakisogeza kiti.

"Njoo ukae hapa, mdogo wangu."

Kabla mwaka haujaisha, habari za kupunguzwa zikafika chuoni kwao. Maktaba ilitoa mtu mmoja, naye alikuwa Mzee Saadi, kwa kuwa umri wake ulikuwa umesogea. Mwanaheri alipona, lakini furaha hakuiona; usiku alishtuka usingizini akadhani ni yeye aliyetajwa. Alikwenda kumpa mzee pole, na mzee hakulalamika. Siku yake ya mwisho kazini alichemsha gundi, akamketisha Zuhra, akamwonyesha namna ya kushona upya kitabu kilichochanika mgongo, kazi ambayo pale chuoni hakuna mwingine aliyeijua. Mwanaheri alisogea karibu, akashika sindano naye, wakashona mpaka alasiri.