Picha Isiyokuwa na Mto

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nilipokaa mbele ya kompyuta pale mtaa wa Kamalondo huku kaka yangu akingoja neno langu kando ya barabara, mbali sana na mji. Juzi uliniambia unajifunza kuandika programu za ramani. Basi kaa nikusimulie, maana hili sidhani walimu wako watakufundisha.

Nilikuwa msichana bado, nimetoka tu shuleni. Ofisi yetu ya ramani ilikuwa ghorofani, juu ya mafundi cherehani, na mkuu wetu alikuwa Papa Mwamba, mpima ardhi wa zamani, mtu asiyependa maneno mengi. Mimi niliandika programu ya Java yenye kazi moja. Iliiomba seva ya mbali picha ya setilaiti ya eneo fulani, ikaitandaza juu ya barabara tulizozichora wenyewe. Penye maji palikuja na rangi ya buluu. Pakavu palikuja bila rangi yoyote, kama kioo, ili barabara zionekane chini yake. Masika yakifika, madereva walitupigia simu kuuliza wapite wapi.

Mmoja wao alikuwa Yaya Deo, yule kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, dereva wa gari la hospitali. Siku hiyo alikuwa amebeba damu ndani ya sanduku la barafu, akiipeleka kituo cha afya kilicho mbele ya Kasomeno, upande wa mto Luapula. Kulikuwa na mama aliyejifungua pale, na damu yake haikutaka kukatika. Deo akafika mahali barabara inapogawanyika. Moja ni fupi, inakatiza bondeni. Nyingine inazunguka vilimani, ndefu na mbaya. Akasimama, akapiga simu.

"Mado, ile njia ya bonde iko na maji?"

Nikaiomba picha. Ikachelewa, ikaja. Bonde lilikuwa safi, hakuna buluu hata kidogo. Programu haikulalamika, wala hapakuwa na kosa lililoandikwa kwenye skrini. Nikavuta pumzi nimwambie apite.

Papa Mwamba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaweka kidole kwenye ukingo wa ramani.

"Mutoto yangu, Luapula iko wapi?"

"Papa, yeye anauliza bonde."

"Nasikia. Mimi nauliza Luapula. Ile muto iko pale kila siku. Kama picha yako haiione, basi inaona nini?"

Nikafuata kidole chake, mwanangu. Mto mpana namna ile, usiokauka hata kiangazi, haukuwepo. Mahali pake palikuwa patupu kama bonde.

Kwenye simu sauti ikabadilika. Alikuwa Béatrice, muuguzi aliyesafiri na Deo, na alikuwa amemnyang'anya simu.

"Mado, sema ndiyo ao hapana. Ule mama hana saa ya kungojea."

"Sijue bado."

"Uko na ramani mbele yako, unasema haujue?"

"Sijue bado. Mungojee kidogo."

Sijawahi kutamka maneno mazito kama hayo. Nilitamani kusema ndiyo, ili tu anyamaze. Kisha nikasikia injini ikiwaka, na Deo akisema kwa mbali kwamba ataanza kushuka polepole.

"Yaya, usishuke. Nakuomba," nikapaza sauti anisikie.

Injini haikuzimwa, ila alisimama.

Nikaitazama anwani ambayo programu yangu iliituma kwa seva. Ndani yake kulikuwa na namba za pembe za eneo tunalolitaka. Wenye seva walikuwa wameleta toleo jipya la huduma yao. Toleo la zamani lilitaka longitudo itangulie, hili jipya lilitaka latitudo itangulie. Programu yangu ilizipanga kwa desturi ya zamani. Seva ikazipokea kama zilivyo, ikaenda mahali zinapoelekeza, jangwani kule kaskazini mwa Afrika, ikaniletea picha ya huko. Jangwani hakuna mafuriko. Ilikuwa imejibu vizuri kabisa swali nililouliza.

Nikageuza mpangilio wa namba, nikaendesha programu tena. Alama ya kupakua ikasogea, ikasimama. Kwenye simu nilisikia mvua ikipiga bati la gari lao. Papa Mwamba alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu. Alama ikasogea tena, na picha ikatokea yote mara moja: Luapula ukingoni, mpana, wa buluu, na bondeni maji matupu. Barabara fupi iliingia humo na haikuonekana tena.

"Yaya, pita vilimani."

Simu ikakatika. Sikujua kama amenisikia.

Tulikaa hivyo mpaka mafundi wa chini walipoanza kufunga vibanda vyao. Papa Mwamba aliniletea chai, nikashindwa kuinywa. Hatimaye Deo akapiga, sauti imechoka. Walipita vilimani. Barafu ilikuwa karibu kwisha, lakini damu ilifika ikiwa bado baridi, na yule mama alikuwa hai. Kesho yake tulisikia kwamba daraja dogo la bondeni lilikuwa limebebwa na maji.

Papa Mwamba hakunisifu. Alisema tu, "Kila mara, tafuta kwanza kitu unachokijua."

Nami nakuachia neno hilo, mwanangu. Picha ikifika bila kosa, usidhani imefika kutoka mahali ulipotaka. Soma toleo la seva, angalia namba zako zimepangwaje, kisha tafuta mto, ziwa, kitu ambacho lazima kiwepo. Kisipokuwepo, usimpe mtu njia. Na watu wakikukasirikia kwa sababu hujajibu, vumilia hasira yao. Sema hujui bado, halafu fanya kazi upesi ujue.

Mungu akupe macho ya kuona kinachokosekana, na moyo wa kusimama watu wanapokuharakisha. Na wote watakaosafiri kwa kuliamini neno lako, awafikishe salama.