Binti Yangu Anataka Kusomea Sheria Hapa Garissa, Mimi Namsukuma Aende Nairobi

Assalaam aleikum admin, na nyinyi wasomaji. Hamjambo? Mko wazima huko mliko, na watoto? Mimi namshukuru Allah. Nifichieni jina. Ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, nauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mnivumilie.

Binti yangu amepita mtihani vizuri, mashaallah, na anataka kuwa wakili. Vyuo viwili vimemkubali, kimoja hapa mjini, kingine Nairobi. Yeye anataka hapa. Mimi ndiye ninayemsukuma Nairobi. Shemeji yangu ananicheka, "Wewe mama gani? Wenzako wanalia mabinti wasitoke Garissa, wewe wako unamfukuza! Ama kuna mchumba umemficha huko?" Nacheka naye. Sababu haijui.

Miaka kumi iliyopita kifungua mimba wangu, nimwite Abdi, aliuawa kisimani upande wa Hulugho, wakigombania zamu ya kunywesha mifugo. Nilikuwa hatua chache tu. Nilimwona aliyemchoma kisu, namjua mpaka mama yake. Polisi wakamshika. Lakini wazee wa koo zote mbili wakakaa maslaha, kile kikao chetu cha suluhu, ngamia wa fidia ya damu wakaletwa, wakasema yameisha. Kisha wakanijia. "Kesi ikiendelea, maslaha imevunjika, na vijana wengine watakufa. Shahidi ni wewe. Useme hukuona."

Nikaenda kortini hapa Garissa. Nikashika Kurani, nikamwambia jaji kulikuwa na vumbi, uso sikuuona. Akaachiliwa.

Ngamia hao ndio waliomsomesha binti yangu. Maziwa yao nauza, kuyanywa nimeshindwa. Na yule kijana aliyemuua Abdi, sasa ana ndevu, akipita sokoni lazima asimame. "Hooyo, umeamkaje?" Ananiita mama, jamani. Na mimi naitikia. Alfajiri nikinyoosha mkono kuchukua Kurani nisome, nauangalia huo mkono, naurudisha chini.

Binti yangu alikuwa mdogo, hajui kwamba niliitwa kortini. Wiki jana tunakunja nguo akaniambia, "Hooyo, unajua kwa nini nataka chuo cha hapa? Mwaka wa tatu wanafunzi hupelekwa kortini kujifunza kazi. Nitaomba faili ya Abdi. Mtu auawe mchana, kisima kimejaa watu, halafu hakuna aliyeona? Nataka kumjua huyo aliyesema uongo."

Nikamwambia Nairobi kuna walimu wazuri zaidi. Akacheka, "Hooyo, umenichoka?"

Najua hata akienda Nairobi faili iko palepale, na siku moja ataisoma. Najiongezea tu miaka michache ya kuitwa hooyo na yeye. Nimeshindwa hata kumuuliza sheikh wetu, kwa sababu alikuwa mmoja wa wale wazee. Nikimwambia binti yangu ukweli, huenda nikampoteza, na huenda akaifufua kesi, damu imwagike tena. Nikinyamaza, Allah ananiona.

Ijumaa anapeleka jibu la chuo alichochagua, na amesema atafuata nitakalosema mimi. Nimwache asome hapa? Nimwambie mwenyewe kabla ya Ijumaa? Wenye watoto, na mawakili mlio humu, nawaomba mnijibu mapema.