Mnada wa Simu Si Mnada wa Mavuno

Nakumbuka asubuhi moja pale Kitale, mwanangu Barasa, nikiwa msichana aliyetoka tu kujifunza kushona. Chuo kimoja kilikuwa kinafungwa na vyerehani vyake vinauzwa kwa mnada. Akiba yangu yote nilikuwa nimeifunga kwenye leso, na bila cherehani ningerudi Myanga kulima mashamba ya watu. Nilikwenda na senge, dada wa baba, mtu wa maneno machache na jicho kali.

Sasa, mnada niliojua mimi ulikuwa ule wa mavuno kanisani. Si na wewe umelelewa humo? Jogoo analetwa mbele, mtu anataja bei, mwingine anampandia kwa bei ya juu, watu wanapiga makofi, na anayelipa zaidi ndiye anayeombewa. Jogoo ananunuliwa kwa bei ya mbuzi na kila mtu anarudi nyumbani na furaha. Basi cherehani cha kwanza kilipotolewa, kinang'aa kwelikweli, nikainua mkono kabla ya wote. Bwana mmoja wa kofia akanipandia. Nikampandia. Watu wakageuka kunitazama, nami ati najiona mtu mkubwa.

Senge akaushika mkono wangu, akaubana kwapani mwake.

“Kule unamtolea Mungu,” akaniambia. “Hapa unampa nani?”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilitaka hata kulia, maana yule bwana alikichukua, kwa bei iliyokaribia ya dukani. Senge hakujali. Kabla watu hawajajaa alikuwa amenizungusha tukijaribu gurudumu la kila kimoja, na tulikuwa tumekubaliana bei ya kutovuka, nauli ya kukifikisha nyumbani ikiwa imetolewa kando. Akanyamaza. Vikapita vingine, wenye pupa wakaishiwa. Kikaja kimoja kilichobambuka rangi, lakini kilizunguka bila kelele. Dalali alipokaribia kugonga nyundo, ndipo senge akataja bei mara moja, kwa sauti ya kusikika. Hakuna aliyejibu. Kilinilisha miaka mingi kile, na karo yako ilitoka humo.

Jana nilikuona na simu, ukigombania mashine ya kupukuchua mahindi kwenye mnada wa mtandaoni. Kila mtu akikupandia unamjibu hapo hapo, unacheka, ati “Huyu hanijui, mama.” Ni kweli hakujui, na wewe humjui. Huenda yuko Kamukuywa na pesa kukushinda mara kumi. Zako ni za mbolea ya msimu ujao. Ukizimaliza kwa hasira, tutapanda na nini?

Kwa hivyo nisikilize. Mashine yenyewe iko Bungoma. Panda bodaboda uende uiwashe, usiamini picha. Uliza za aina hiyo zimekuwa zikiuzwa bei gani. Kwenye bei hiyo toa gharama ya lori na ada ya wenye mnada, kinachobaki ndicho mwisho wako. Huo mwisho uniambie mimi, maana mbele yangu utaona aibu kuuvuka. Kisha nyamaza. Mnada ukikaribia kufungwa, weka dau lako mara moja, weka simu chini, uje tule. Wakikupita, waliolipa ghali ni wao, na mashine nyingine itakuja kuuzwa.

Mungu akupe hiyo mashine, mwanangu. Na akikunyima, akuachie pesa zako na usingizi wako.